Mchakamchaka umenishinda, sasa natembea tu: je, ninajidanganya?

"Salaam aleikum, daktari. Nina miaka 52, ni mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, uzito wangu ni kilo 82 na ninatumia dawa ya shinikizo la damu kwa mwaka wa nne sasa. Mwaka huu nilijiunga na kikundi cha mchakamchaka cha mtaani kwetu Ngamiani, kinachokimbia Jumamosi na Jumapili asubuhi. Wiki ya nne miundi ilianza kuuma na goti la kulia likawa linalia ninapopanda ngazi, nikaacha. Siku hizi jioni navuka reli, natembea hadi Raskazone na kurudi, na kusema kweli nafurahia kuliko nilivyofurahia kukimbia. Wenzangu wanasema kutembea si mazoezi, ni matembezi ya wagonjwa, kwa kuwa sitoki jasho la maana. Jirani naye ameniambia goti linalia kwa sababu ute umeisha, nile bamia kwa wingi na nisikimbie tena maishani. Je, kutembea kunatosha au ninajidanganya? Nitembee kiasi gani? Na nikiendelea hivi, naweza kuacha dawa?"

Waaleikum salaam, mwalimu. Umeuliza maswali matatu, lakini nikisoma maelezo yako naona la nne ambalo hukuliandika, nalo ni kama kupenda kutembea kuliko kukimbia ni uvivu uliopewa jina zuri. Nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia, ninayepokea magoti na miundi ya watu kila siku ya kazi, nalisikia swali hilo mara nyingi, na mara nyingi anayeliuliza ameshaacha mazoezi yote kwa aibu. Wewe hujaacha, na hilo ni jambo kubwa. Kwa hiyo nianze na jibu lenyewe: kwa moyo wako, kwa shinikizo lako la damu na kwa kuikinga sukari isipande, kutembea kunatosha, mradi utembee kwa mwendo wa kukaza na uongeze mazoezi machache ya nguvu ambayo kutembea peke yake hakuyatoi. Dawa usiiache, nitaeleza kwa nini.

Watu hudhani kukimbia ni kutembea kulikoharakishwa, lakini mwili unazifanya kazi hizi mbili kwa namna mbili tofauti. Ukitembea, muda wote kuna angalau mguu mmoja chini. Mguu huo hukaa karibu wima na mwili hupita juu yake, kama mtumbwi unavyosogea mbele wakati upondo umekita kwenye mchanga. Ukikimbia, kuna kitambo kifupi katika kila hatua ambapo miguu yote miwili iko hewani, kisha mwili mzima unashukia mguu mmoja, goti linakunjika, na kano ya kisigino inavutika na kurudi kama mpira wa manati. Mtumbwi wa upondo hauruki, manati hupiga. Ndiyo maana katika kutembea mguu hubeba kiasi kinachozidi uzito wa mwili kwa kidogo tu, pengine mara moja na robo, ilhali katika kukimbia hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito huo. Kwa kilo 82 zako, hiyo ni tofauti kati ya kilo mia moja hivi na kilo mia moja na sitini hadi mia mbili na arobaini hivi, kila mguu unapotua.

Katika chumba changu cha kazi nina mizani ya zamani yenye mshale. Humwomba mtu mwenye miguu mizima asimame juu yake ametulia, mshale unakaa kwenye uzito wake. Kisha namwomba ainuke kwa vidole na kujiachia visigino vishuke kwa ghafla, bila hata kuruka. Mshale unachupa, unapita mbali namba yake, unarudi ukitetemeka. Huo ni mshuko wa sentimita chache tu, na mtu akishauona hahitaji maelezo mengi kuhusu kilichotokea kwenye miundi yako.

Maana kilichotokea si kwamba mwili wako hauwezi kukimbia. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Baada ya wiki mbili tatu mtu huona pumzi imekuwa nyepesi na hujiongezea mwendo. Kano na mifupa hujijenga taratibu mno, kwa miezi, kwa kuwa mfupa unapopata kazi mpya kwanza huondoa sehemu zilizochoka ndipo ujenge zilizo imara zaidi. Wewe ulitoka kwenye kusimama darasani ukaingia kwenye kukimbia lamini siku mbili mfululizo, kisha siku tano bila kitu, kisha tena siku mbili mfululizo. Pumzi ilisema twende, miundi ikakataa. Kosa lilikuwa katika kipimo, na kipimo hicho kiliwekwa na kikundi chenye watu wa umri na uzito mbalimbali wanaokwenda kwa wimbo mmoja.

Sasa ute na bamia. Jirani yako amekushauri kwa mapenzi, nami sitaki umdharau, lakini jambo lenyewe haliko hivyo. Ndani ya goti kuna majimaji kidogo yenye utelezi yanayotengenezwa na utando wa goti lenyewe. Hayatoki kwenye chakula chenye utelezi, kwa sababu ule mrenda wa bamia unasagwa tumboni kama chakula kingine chochote na haufiki gotini ukiwa mrenda. Bamia ni mboga nzuri, endelea kuila. Juu ya mifupa kuna gegedu, laini na yenye kung'aa, ambayo haina mishipa ya damu. Inapata lishe kwa kuminywa na kuachiwa, kama sifongo inavyonyonya maji, na kinachoiminya na kuiachia ni mwendo. Goti lililowekwa kitini miezi sita ili ute urudi ndilo linalopata shida. Na goti linalolia bila maumivu, bila kuvimba na bila kukwama, kwa kawaida si ugonjwa. Lako linalia na kuuma kwenye ngazi, jambo ambalo kwa wengi hutokana na pia ya goti kubanwa wakati misuli ya paja imelegea. Hilo hurekebishika kwa mazoezi ya paja, nami nitayaeleza hapa chini.

Pia si kweli kwamba kukimbia humaliza magoti. Tafiti zilizolinganisha watu wanaokimbia kwa kiasi cha kawaida na watu wasiofanya mazoezi zimekuwa zikikuta magoti yaliyosagika kwa wakimbiaji hao si mengi zaidi, na mara nyingi ni machache. Nasema hivi ijapokuwa nakuunga mkono kutembea, kwa sababu sitaki uchague kwa kuogopa jambo lisilokuwepo. Tembea kwa kuwa unapenda na kwa kuwa kunakufaa.

Je, ni mazoezi kweli? Wenzako wanapima kwa jasho, na jasho ni kipimo kibaya, hasa hapa kwetu, ambapo wakati wa kaskazi mtu huloa akiwa amekaa barazani anajipepea. Jasho ni maji ambayo mwili unayatoa ili upoe. Mafuta yanayotumiwa na misuli hugeuka kuwa maji na hewa ya kaboni, na sehemu kubwa yake hutoka kwa njia ya pumzi. Wale wanaovaa makoti mazito au kujifunga mifuko ya nailoni tumboni ili "wayeyushe" wanapoteza maji tu, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu jambo hilo ni hatari.

Ushahidi wa kwanza mzito kwamba kujishughulisha kwa miguu kunalinda moyo haukutoka kwa wanariadha. Daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha mwaka 1953 uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakizunguka ndani ya basi na kupanda na kushuka ngazi zake kutwa nzima kukata tiketi. Hakuna kondakta aliyekuwa akikimbia mchakamchaka kazini.

Miaka sitini baadaye, mwaka 2013, ulichapishwa nchini Marekani uchunguzi mkubwa uliogusa swali lako moja kwa moja. Ulifuatilia wakimbiaji zaidi ya 33,000 na watembeaji zaidi ya 15,000 kwa takriban miaka sita. Walipolinganishwa kwa nguvu iliyotumika, yaani mtembeaji aliyetumia nguvu sawa na mkimbiaji, kupungua kwa hatari ya shinikizo la damu, lehemu (kolesteroli) nyingi na kisukari kulikaribiana kwa makundi yote mawili. Watu hao walijichagulia wenyewe kutembea au kukimbia, kwa hiyo uchunguzi wa namna hiyo haumalizi ubishi wote. Lakini unaafikiana na yale tunayoyajua kuhusu jinsi misuli inavyofanya kazi. Msuli unaojikunja na kunyooka huchota sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na mishipa ya damu inayopitisha damu kwa kasi hulegea na kutanuka kwa saa kadhaa baadaye. Msuli na mshipa haviulizi kama ulikuwa unakimbia.

Neno la kuangalia hapo ni "nguvu sawa". Kwa kila kilomita, mkimbiaji hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake, na mtembeaji hutumia pungufu, kiasi cha robo tatu au chini yake. Zaidi ya hapo, mkimbiaji hupita kilomita nyingi zaidi kwa nusu saa ileile. Kwa hesabu ya kawaida, nusu saa ya mbio za pole inalingana na saa moja na dakika chache za kutembea kwa kukaza. Basi mwenye nafasi ndogo, au anayetaka kupunguza uzito mwingi kwa muda mfupi, ana sababu nzuri ya kukimbia kama miguu yake inaruhusu. Kukimbia pia huongeza pumzi zaidi, na ile mipigo ya mguu, ikija kwa kipimo, huimarisha mifupa kuliko kutembea. Hilo la mifupa linakuhusu, kwa kuwa katika umri wa kukoma hedhi mwanamke hupoteza uimara wa mifupa kwa kasi kuliko awali. Ningekuwa nakuficha kitu kama ningesema kutembea kunatoa kila kinachotolewa na kukimbia. Lakini yote hayo yana njia nyingine ya kuyapata, na kukimbia kulikokuacha na maumivu ukalazimika kuacha hakukupi hata kimojawapo.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kutembea kwa kukaza kumo kwenye hilo fungu la wastani. Nusu saa, siku tano, umefika. Zile hatua 10,000 unazozisikia kwenye simu hazikutoka maabara. Zilianzia Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa, na manufaa huanza chini kabisa ya hapo.

Lakini hapa ndipo nitakuwa mkali kidogo, mwalimu. Sisi watu wa pwani tumelelewa na usemi kwamba polepole ndio mwendo, na kwa mambo mengi usemi huo ni wa kweli. Kwa zoezi hili haufai. Matembezi ya kwenda Raskazone kutazama maji, ukisimama kusalimiana na kila unayemjua na kununua karanga njiani, ni mapumziko ya moyo kwa maana nyingine. Zoezi linaanza pale unapotembea kama mtu aliyechelewa shughuli: takriban hatua 100 kwa dakika au zaidi. Hesabu hatua zako kwa sekunde thelathini. Zikifika hamsini uko mahali pake. Kipimo kingine, ambacho nakipenda zaidi kwa sababu hakihitaji saa, ni mdomo: uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini usiweze kuimba kaswida bila kukatisha kuvuta pumzi. Kipimo hiki kinakufaa pia kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo huzuia mapigo ya moyo yasipande, na mwenye kuzitumia akifuata namba za saa ya mkononi atajiona hajafanya kitu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu huko Japani waliwapa watu wa makamo na wazee utaratibu wa kutembea kwa nguvu dakika tatu, kisha kwa upole dakika tatu, kurudia mara tano au zaidi, siku nne au zaidi kwa wiki. Baada ya miezi mitano, waliofuata utaratibu huo walipata pumzi zaidi, mapaja yenye nguvu zaidi na shinikizo la damu lililoshuka zaidi kuliko waliotembea kwa mwendo mmoja wa wastani. Hii ndiyo njia ninayokupendekezea. Kuanzia pale unapoikaribia hospitali ya Bombo, barabara imenyooka na upepo wa bahari unakupokea. Chukua nguzo za umeme ziwe alama zako, kaza kwa nguzo kadhaa, legeza kwa nguzo kadhaa, ukiongeza kidogo kila wiki. Wiki mbili za kwanza usikaze kabisa kama miundi bado inauma ukiibonyeza.

Mazoezi ya nguvu usiyaruke. Chukua kiti cha mbao kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, miguu iachane kwa upana wa nyonga, mikono ikunje kifuani, kisha inuka hadi usimame wima na urudi kukaa kwa kuhesabu moja hadi nne, ukijizuia usidondoke. Kule kushuka taratibu ndiko kunakolijenga paja. Magoti yaelekee vidole vya miguu, yasiangukie ndani. Mara nane hadi kumi, pumzika, rudia mara mbili, siku tatu kwa wiki. Halafu shika meza, inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu, idadi hiyohiyo. Maumivu madogo yanayoisha ifikapo kesho yake si neno. Yakizidi, punguza idadi au weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi. Baada ya wiki sita hivi, sikiliza goti lako kwenye zile ngazi.

Viatu: raba za mtumba hazina ubaya, ila zikague kabla ya kulipa. Ishike kwa mikono miwili uikunje. Ikikunjika penye vidole ni nzima, ikikunjika katikati kama kitabu iache. Tazama soli ya kisigino. Ikiwa imelika upande mmoja, mguu wako utafuata njia ya mwenyewe wa kwanza. Kandambili haifai kwa mwendo wa kukaza, kwa sababu vidole vinafanya kazi ya kuishikilia. Barabarani tembea upande wa kulia, uyaone magari na bodaboda yanayokuja, na ukiwa umevaa baibui jeusi magharibi imeshaingia, funga kitambaa cheupe au chochote kinachoonekana. Jua la mchana liepuke. Katika mwezi wa Ramadhani, hamishia matembezi baada ya futari na tarawehe.

Sasa dawa. Mazoezi ya kudumu hushusha namba ya juu ya shinikizo kwa wastani wa pointi 5 hadi 8 kwa watu wenye shinikizo la juu. Ni nyingi, lakini kwa wengi hazitoshi kuchukua nafasi ya dawa, na namba unazoziona zimetulia kliniki zinaweza kuwa zimetulia kwa sababu ya dawa hiyohiyo. Pima nyumbani au kituo cha afya kwa saa zilezile, andika kwenye daftari kwa miezi mitatu, kisha mpelekee daktari wako. Akiona zinashuka ataamua yeye kupunguza. Kama kidonge chako ni cha kukojosha, kunywa maji kabla ya kutoka, na ukihisi kizunguzungu unaposimama mwambie.

Goti lako na miundi yako ningependa vionwe na mtu kwa macho na mikono kama maumivu hayajapungua baada ya wiki nne za utaratibu huu, na mapema zaidi kama goti litavimba, litakwama au litakuachia ghafla ukitembea, au kama kuna sehemu ndogo moja ya muundi inayouma sana ukiibonyeza kwa kidole na inayokuamsha usiku. Huo unaweza kuwa ufa wa mfupa, na usiendelee kutembea nao. Shavu la mguu linalobana kila ukitembea umbali fulani na kuachia ukisimama linaweza kuwa ishara ya mishipa ya damu iliyobanwa, nalo linahitaji daktari. Ukiwa na mguu mmoja uliovimba na wenye joto na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kifua kikibana, maumivu yakipanda kwenye taya au kushuka mkononi, au pumzi ikakatika kwa kazi ndogo kuliko kawaida yako, simama hapohapo, omba msaada na upelekwe hospitali, usisubiri kufika nyumbani.

Jambo la mwisho ni kikundi. Umenieleza maumivu ya miundi, lakini naona unawakosa pia watu wako wa Jumamosi, na kutembea na wenzako kuna thamani ambayo siwezi kuipima kwa mizani yangu. Waulize wanaondoka saa ngapi. Kama ni saa kumi na mbili na nusu, wewe na mwenzako mmoja tokeni saa kumi na mbili, wakati kumeshapambazuka, mkaze mwendo kuelekea baharini. Watawafikia wakiimba karibu na Raskazone, na kutoka hapo mnaweza kurudi wote kwa miguu.